Mtani Asiyejua Kusema Pole

Paukwa!

Pakawa!

Sijawasikia vizuri. Wewe Hidaya, mwachie mwenzako sikio lake, ama sivyo naondoka na hadithi yangu nikawasimulie mbuzi. Tena.

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mnasikika kama watu. Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi.

Basi, zamani hizo, mazimwi yalipokuwa yakitembea mchana na kuvaa nguo kama mimi na nyinyi, palikuwa na mlima, na chini ya mlima palikuwa na bonde. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni walikuwa watani. Utani wao waliurithi kwa mababu, na ukiuliza ulianzaje kila mtu alikuwa na uongo wake.

Mtu wa Mlimani akikutana na mtu wa Bondeni, alimwambia, "Mla kambale, unanuka matope." Naye wa Bondeni alijibu, "Bora mimi. Wewe mahindi yako wamekula nyani, ukabaki unawapigia makofi." Wakacheka wote wawili, kila mtu akashika njia yake.

Lakini Bondeni kukiwa na msiba, wa kwanza kufika walikuwa hao hao wa Mlimani. Walikuja wakimsema marehemu kwamba amekufa makusudi akwepe kulima, huku wanateka maji, wanachimba kaburi, wanaosha vyungu. Na kabla ya yote hayo, kila mtani alishika kata ya kuchotea maji, akamnawisha mfiwa mikono, akamwambia, "Pole, mtani." Ukiambiwa na mtani wako kwamba amefiwa, hukuwa na pa kukwepea. Hilo la kata liwekeni akilini, maana nikilirudia mtasema mlijua.

Basi shule ilikuwa Mlimani. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye dirisha moja, na mlangoni palikuwa na mtungi wa maji na kata yake. Mwalimu aliitwa Mwinshehe. Na katika darasa lote, mtoto wa Bondeni alikuwa mmoja tu, msichana jina lake Sikudhani.

Sikudhani kila asubuhi alipanda mlima jua likiwa mgongoni mwake. Kivuli chake kilimtangulia njiani, kirefu, na mabutu yake mawili ya nywele yakichezacheza juu ya kichwa cha kivuli. Alikuwa akikisemesha. "Twende, mvivu wewe," alikiambia, "utatuchelewesha."

Siku moja akaja mwanafunzi mgeni. Alijiita Selenge. Alisema ni mtu wa Mlimani, amefikia kwa shangazi yake upande wa nyuma wa mlima. Shangazi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Selenge alivaa kofia nene iliyofunika kichwa mpaka kisogoni, na mwalimu alipomwambia aivue alisema, "Nina vidonda, mwalimu. Nitawatia wenzangu kinyaa." Mwalimu akamwacha.

Alipewa nafasi kwenye ubao wa kukalia, mbele ya Sikudhani. Sikudhani akawa anatazama kisogo chake tangu asubuhi mpaka wakati wa kutoka.

Sasa, darasani mlikuwa na kijana jina lake Chande, mwenye masikio makubwa na kigugumizi. Ukimsubiri, alisema jambo la maana. Selenge hakumsubiri. Chande aliposimama kujibu, Selenge alisimama naye, akamwiga, "N-n-n-ni-ni-ninajua."

Darasa likacheka. Sikudhani naye alicheka, tena kwa sauti. Na katika kucheka huko macho yake yalikuwa kwenye ile kofia, akaona kitu. Kofia ilikuwa inatembea. Ilikuwa inapanda na kushuka pale kisogoni, kama shavu la mtu anayetafuna.

Akasema moyoni, ni upepo. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa.

"Natania tu," Selenge alimwambia Chande. "Au hujui utani?"

Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa pia. Chande alisimama, Selenge akamwiga, darasa likacheka, kofia ikatafuna. Mwisho Chande hakuja tena shule. Mama yake alisema mtoto anaketi nyuma ya nyumba, uso kaupa ukuta, uji hataki, mpira hataki, akiitwa haitiki. Wengine walisema ni homa. Wengine walisema ni uvivu. Wote walisema atachangamka mwenyewe, wakaendelea na shughuli zao. Sikudhani alipita karibu na nyumba ile kila siku na hakuingia hata mara moja.

Basi, Chande alipokosekana, Selenge akageuka nyuma.

"Mtani," alimwambia Sikudhani kwa upole kabisa. "Mbona unanuka kambale?"

Darasa likacheka. Sikudhani hakuona ubaya, maana utani aliuzoea, akamjibu, "Na wewe mbona umechelewa? Nyani walikuwa hawajamaliza mahindi yako?"

Darasa likacheka tena. Selenge hakucheka. Alimtazama Sikudhani kama mtu anavyotazama sufuria iliyo jikoni, kuona kama kilichomo kimeiva.

Siku ya pili akasema, "Mwajua kwa nini hana rafiki? Mama yake alimchimbua kwenye matope, akadhani ni kambale." Darasa likacheka, kofia ikatafuna. Sikudhani akatafuta la kujibu, asilipate. "Natania tu," Selenge akasema. "Sisi si watani?"

Siku ya tatu akaja na wimbo.

Sikudhani, Sikudhani,
umetoka matopeni,
rudi, rudi matopeni.

Darasa likaimba. Waliimba wakati wa mapumziko, waliimba njiani, waliimba hata wadogo wasiojua maana yake. Sikudhani akalia, na kadiri alivyolia Selenge alizidi kuupigia wimbo makofi. Kofia ikatafuna na kutafuna.

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alipanda mlima jua likiwa mgongoni. Akatazama mbele. Kivuli chake kilikuwa kimefupika mpaka nusu, na juu ya kichwa hapakuwa na butu hata moja. Akajishika nywele. Mabutu yalikuwepo. Akatazama tena kivuli, hayakuwepo.

Aliogopa, watoto, aliogopa vibaya, na hakujua amwambie nani.

Tangu siku ile akaanza kumshuku kila mtu. Watoto wawili wakinong'ona, alijua wanamsema yeye. Mtu akicheka nje, alijua anachekwa yeye. Alimshuku mwalimu, kwa sababu mwalimu alitabasamu wimbo ulipopita dirishani. Zaidi ya wote alimshuku Zamda, mtoto wa Mlimani aliyekaa naye ubao mmoja na kugawana naye karanga. Wimbo ukiimbwa, Zamda alifunika mdomo na mabega yakamtikisika. Sikudhani akaacha kula karanga zake. Nani ajuaye zimetiwa nini?

Akamwendea Mwalimu Mwinshehe.

"Mwalimu, Selenge ananisema."

"Anakusemaje?"

"Ananiita kambale. Ametunga wimbo."

Mwalimu akacheka kidogo. "Nyinyi si watani? Huo ni utani, binti. Utani haumuumizi mtu. Mjibu."

Akamwendea mama yake, aliyekuwa anatwanga.

"Mama, kivuli changu kinapungua."

"Kivuli cha mchana huwa kifupi, mwanangu."

"Ni asubuhi, mama."

"Basi kula ushibe, kitarefuka," mama akasema, akaendelea kutwanga.

Sikudhani akaacha kusema. Akaacha kula. Akaacha kusuka mkeka wake alioupenda. Akirudi shule alikaa nyuma ya nyumba, na siku moja akajikuta ameupa ukuta uso. Akamkumbuka Chande. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, akasema moyoni, na machozi hayakuja, kwa maana hata ya kulia yalikuwa yameisha.

Sasa, palikuwa na mwanamke wa Mlimani aliyeitwa Bi Mwanjaa. Huyu alikuwa mtani wa nyumba ile hasa, na mdomo wake, mnisamehe, ulikuwa mchafu kuliko mguu wa bata. Alishuka Bondeni na mzigo wa kuni kila alipojisikia, akaingia bila hodi, akaonja mboga bila kukaribishwa, akaisema vibaya, kisha akaosha vyombo vyote na kwenda zake. Aliyemjibu vizuri kupita wote alikuwa Sikudhani. Walikuwa wakitukanana jioni nzima mpaka mama anashika mbavu.

Alasiri hiyo Bi Mwanjaa akaingia mpaka nyuma ya nyumba, mama akiwa anatwanga hapo hapo. "Nimefika, wala kambale. Leo mmeunguza nini?"

Sikudhani akanyamaza.

"Nasema leo mmeunguza nini? Nimesikia harufu tangu Mlimani, nikadhani kuna nyumba inaungua."

Sikudhani akanyamaza.

"Wewe mtoto mwenye kichwa kama kifuu, nakusemesha."

Kimya. Bi Mwanjaa akautua mzigo wa kuni polepole. Akamgeukia mama.

"Mtoto huyu anaumwa."

"Hana homa," mama akasema. "Nimemshika."

"Mimi nimesema homa? Nimemtukana mara tatu hajanijibu. Mtoto huyu anaumwa, dada, na wewe unatwanga."

Kisha Bi Mwanjaa akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona analifanya. Alinyamaza. Alikaa chini, mchangani, bega lake kwenye bega la Sikudhani, akautazama ule ukuta pamoja naye. Hakumuuliza kitu. Kuku wakapita, jua likasogea, na yeye amekaa.

Hatimaye Sikudhani akasema, "Bi Mwanjaa, ninaisha."

Akaeleza yote, kofia, wimbo, kivuli. Bi Mwanjaa akamsimamisha kwenye jua. Jua lilikuwa limeshuka, na kivuli cha kuku kilifika ukutani. Kivuli cha Sikudhani kilikuwa kifupi kama kinu. Mama akaona, akauachia mchi, akaja akamkumbatia mtoto. "Uliniambia," mama akasema. "Uliniambia na sikukusikia. Nisamehe, mwanangu."

Bi Mwanjaa hakulia. Alikasirika. "Huyo Selenge, ukimjibu anacheka?"

"Hacheki. Ananitazama."

"Ukilia anaacha?"

"Ndiyo kwanza anaongeza."

"Basi huyo si mtani wako. Mimi nimekutukana tangu uko mgongoni mwa mama yako, na siku uliyoshindwa kunijibu nimetua mzigo. Sijui huyo ni kitu gani, lakini mtani si yeye."

"Nifanyeje sasa?"

"Ya mazimwi siyajui, nikidai nayajua nitakuwa mwongo. Najua ya utani. Mtani ukimwambia umefiwa, atashika kata. Hata mkono uwe umevunjika, atashika kwa mwingine. Kesho tunapanda wote. Mimi na mama yako tutakaa mlangoni."

Asubuhi wakapanda mlima, wote watatu. Walipokaribia shule Selenge aliwapita, amenenepa, anapiga mluzi. Sikudhani akakitazama kivuli cha Selenge. Kilikuwa kizito, kipana kama cha nyumba. Na juu yake, kwenye kivuli cha kichwa kilichovaa kofia, yalikuwa yanachezacheza mabutu mawili. Pembeni ya mabutu yalitokeza masikio makubwa.

Yale masikio Sikudhani aliyajua ni ya nani.

Darasani Selenge akageuka nyuma kama kawaida yake. "Mtani," akasema, "leo umekuja na mama yako akuchimbue?" Darasa likacheka. Kofia ikaanza kutafuna.

Sikudhani akasimama. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. Lakini aliitoa.

"Watani zangu, nimefiwa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Mwinshehe akaiweka chini chaki yake. Hilo si neno la mchezo, Mlimani wala Bondeni.

"Umefiwa na nani?" mwalimu akauliza.

"Na mimi mwenyewe," Sikudhani akasema. "Nakufa kidogo kidogo, na nyinyi mnacheka. Siwezi kula. Siwezi kusuka. Nikiusikia ule wimbo natamani nisingezaliwa. Nyinyi mnasema ni watani wangu. Mtani wenu akifiwa, nyinyi mnafanyaje?"

Watoto walitazama miguu yao. Selenge akacheka peke yake, "Ah, anatania tu," lakini hakuna aliyemfuata, na kofia ikatafuna hewa.

Sikudhani akahesabu nyuso, akasema moyoni, hakuna, hakuna hata mmoja. Akawa anataka kukaa. Hapo ubao ukatikisika. Zamda, yule yule wa karanga, alikuwa amesimama. Alikwenda mlangoni, akachota maji mtungini, akarudi na kata imejaa. Akamnawisha Sikudhani mikono.

"Pole, mtani," Zamda akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Nilikuwa nafunika mdomo nisionekane nalia. Niliogopa atanigeukia mimi."

Na kivuli cha Sikudhani, pale sakafuni, kikarefuka kidogo.

Akasimama wa pili. "Pole, mtani." Kivuli kikarefuka. Akasimama wa tatu. "Pole, mtani." Kivuli kikarefuka. Kisha wakawa wengi mpaka wanasukumana mtungini. Mwalimu naye akapanga foleni na wanafunzi wake, na zamu yake ilipofika akasema, "Pole, Sikudhani. Ulikuja kwangu nikacheka. Ile haikuwa kazi ya mwalimu."

Mwisho akabaki mmoja. Bi Mwanjaa, kule mlangoni, akachota maji, akaja akamwekea Selenge kata mkononi.

"Si ulisema wewe mtani? Haya, zamu yako."

Selenge akaishika kata. Akafungua mdomo. "Po," akasema. "Po... po..." Neno halikutoka. Jasho likamtiririka, macho yakamtoka. "Po... po..." Yeye aliyemwiga Chande sasa alikuwa amekwama kwenye neno moja dogo, na katika darasa zima hakuna aliyemcheka, maana kucheka walikuwa wameshakukoma.

Kofia ikatikisika, ikapanda, ikaanguka. Kisogoni palikuwa na mdomo. Mdomo mzima, wenye meno, uliokuwa ukitafuna bila kupata kitu.

Lilikuwa zimwi.

Lilipiga ukelele kwa midomo yote miwili, na ule wa nyuma ulipoachama, vivuli vikatoka. Yakatoka mabutu mawili, yakarudi juu ya kichwa cha kivuli cha Sikudhani. Kikatoka kivuli chenye masikio makubwa, vikatoka na vivuli vya watoto wa vijiji visivyojulikana, vikapita dirishani kila kimoja kuelekea kwao. Na kila kivuli kilipotoka zimwi lilikonda, hata likawa jembamba kama ufito. Likapenya dirishani likakimbia nyuma ya mlima, kule lilikosema lina shangazi. Bi Mwanjaa alilifuata na ukuni mkononi, lakini umri nao una mambo yake, akarudi anahema. Kofia watoto waliitupa chooni.

Watu wakashangilia. Sikudhani hakushangilia. Alichota maji kwa ile kata, akatoka nayo, akaenda akiiziba kwa kiganja yasimwagike, mpaka nyuma ya nyumba ya kina Chande.

Chande alikuwa ameupa ukuta uso. Kivuli chake kilikuwa kimerudi, kimelala kando yake, lakini yeye mwenyewe hakukitazama. Sikudhani akaketi mchangani, bega kwa bega. Akakaa. Kuku wakapita.

"Nilicheka na mimi," akasema mwishoni. "Siku ya kwanza nilicheka kwa sauti kuliko wote. Na kila siku nilipita hapa, sikuingia." Akamnawisha mikono kwa maji yaliyobaki, na yalikuwa machache. "Pole, mtani."

Chande akaitazama mikono yake iliyolowa. Kisha akafungua mdomo. Sikudhani hakummalizia neno, wala hakutazama pembeni. Alimsubiri.

"U-u-u," Chande akasema. "Una... unan-n-nuka k-kambale."

Sikudhani akageuka, akamtazama usoni. "Afadhali mimi," akamjibu. "Wewe nyani wamekuja kukuuliza kama hayo masikio unayauza."

Chande akacheka. Alianza polepole kama mtu aliyesahau namna yake, kisha akacheka mpaka akaegemea ule ukuta aliokuwa anautazama. Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akaona, akarudi ndani haraka kupasha uji moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami sina kipande kingine nilichokificha. Uzuri wake gawaneni, ubaya wake niachieni mimi mwenyewe.

Na neno la kwenda nalo kulala ni hili. Ukimtania mwenzako naye akacheka na kukujibu, huo ni utani. Akinyamaza, tua mzigo wako ukamuulize. Akikwambia anaumia, mwamini siku hiyo hiyo. Na wewe unayeumizwa, usijifungie na ukuta. Ukimwambia mtu akacheka, mwambie mwingine, na mwingine, mpaka umpate atakayekaa chini nawe.

Sasa wewe Hidaya, ulikuwa umelishika sikio la nani? Maji yapo kwenye ndoo pale, na kata imo ndani. Nenda, sisi tunakusubiri.